Kabla Jezi Haijavuka Mto

Waliokuwamo katika chumba cha kubadilishia nguo, saa kumi na robo alasiri ya Jumapili ile, walikuwa hawa: Kocha Zisis Karamitros; nahodha wa timu ya kikapu, Lefteris Goudas; mwenyekiti wa klabu, Bwana Achilleas Vranas; afisa wa polisi aitwaye Sotiropoulos; Bi Fotini, mfuaji wa jezi; na Corwin Tibbs, Mmarekani, mwongoza mchezo wa timu hiyo, mwenye umri wa miaka thelathini na tatu. Wachezaji wengine walikwisha kuoga na kuondoka. Mashabiki waliojaa mbele ya ukumbi waliwafungulia njia mmoja mmoja, wakawaaga kwa adabu, kisha wakaifunga tena. Adabu hiyo ilimtisha Corwin kuliko kelele.

Bi Fotini alikuwa ameinamia kapu la nguo chafu. Alitoa jezi moja moja, akazikunja na kuzipanga juu ya benchi, huku midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipofika mwisho alizihesabu tena. Zilikuwa kumi na moja. Hakuuliza ya kumi na mbili iko wapi, kwa sababu watu elfu mbili walikuwa wameiona ikienda, naye alikuwa mmoja wao.

Mambo yalitokea hivi. Timu ya Kastrovrysi, mji wa Ugiriki, ilikuwa imefungwa kwa pointi moja na watu wa ng'ambo ya mto, nyumbani kwake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka kumi na mmoja. Zikiwa zimebaki sekunde nne, Corwin alipewa mitupo huru miwili. Wa kwanza uliingia. Wa pili ulizunguka ringi ukatoka. Hilo peke yake lingesameheka, maana hata wenyeji hukosa. Lakini aliyeudaka mpira ule na kuushikilia mpaka kipenga kikalia alikuwa Lamont Pruitt wa timu ya wageni, ambaye Corwin alikaa naye chumba kimoja kwa miaka minne katika chuo kidogo cha Indiana. Kwa muda wa miaka kumi wote wawili walikuwa wamezunguka Ulaya wakicheza kikapu, bila kukutana uwanjani hata mara moja. Walikumbatiana. Lamont alisema kwamba mwanawe hukusanya jezi. Corwin akaivua yake akampa, kama walivyozoea kufanya chuoni, akabaki na fulana ya ndani.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Ndipo alipokumbuka kilichokuwa kifuani pa jezi ile.

Kilikuwa kitambaa cheusi chenye upana wa vidole viwili, na juu yake jina la Mimis lilishonwa kwa uzi mweupe. Mimis alikuwa amepiga deki sakafu ya ukumbi huo kwa miaka thelathini na minane, na alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Corwin alihudhuria mazishi. Alisimama nyuma ya kanisa akiwa na mshumaa mkononi. Hakulisahau jina kwa dharau. Alilisahau kama mtu anavyoisahau saa iliyo mkononi mwake. Aliyeshona vitambaa vyote kumi na viwili alikuwa mjane wa Mimis, Bi Fotini.

Kutoka nje sauti zilipenya kwenye dirisha dogo la juu. Mashabiki hawakuwa wakitukana. Walikuwa wakitania, wakipokezana.

"Mmarekani, utapata mafua bila jezi!"

"Toka tukuvishe!"

Kicheko kilifuata, kisha ngoma moja ikapigwa polepole.

Corwin alijaribu kufunga kamba za viatu vyake. Vidole vilivyokuwa vimeendesha mpira mbele ya watu kwa miaka kumi na minne vilikataa kutii. Alizifunga kamba, zikafunguka, akazifunga tena. Alikumbuka Kupro, msimu wake wa sita, fataki iliporushwa kutoka jukwaani ikampasukia mwenzake karibu na sikio. Mwenzake yule hakusikia tena kwa upande huo, na kabla ya Pasaka alikuwa amerudishwa kwao. Tangu siku hiyo Corwin alikuwa na mazoea ya kuangalia mlango ulipo kila aingiapo ukumbini, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mlango ulibishwa mara mbili, kwa upole. Aliyeingia alikuwa Argyris, mwuza nyama wa sokoni na kiongozi wa mashabiki, mtu mpana mwenye sauti ndogo. Alijifuta miguu kwenye mkeka. Alimsalimu Bi Fotini kwanza, kisha kocha, kisha nahodha. Corwin hakusalimiwa, ingawa kila Jumamosi Argyris ndiye aliyemkatia nyama ya kondoo na kumchagulia kipande kizuri.

"Hatuna ugomvi na mtu," alisema. "Tunataka jezi. Na tunataka ailete aliyeitoa, kwa mikono yake, apite nayo mbele yetu. Asituletee askari. Basi la wageni likivuka daraja bila jezi kushuka, basi, mazungumzo yamekwisha."

Sotiropoulos alimwambia kwamba hayo ni vitisho na yana kifungu chake katika sheria. Argyris alijibu kwamba yeye hajatisha, ameeleza tu ratiba. Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Mwenyekiti Vranas alingoja mpaka nyayo zipotee, ndipo alipoeleza mpango wake, na alikuwa amekwisha kuutekeleza nusu yake. Gari la polisi lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlango wa stoo, injini ikiwaka. Corwin angelala kwenye kiti cha nyuma mpaka Thesaloniki. Kesho asubuhi angepanda ndege. Mkataba ungevunjwa kwa maelewano, bila mtu kusema neno baya juu ya mtu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema. Aliitazama saa yake na kuongeza kwamba basi la wageni lingeondoka baada ya dakika kumi na tano, na baada ya hapo yeye hawezi kuwajibika.

Lamont alikuwa ameshapiga simu kutoka ndani ya basi lile. Alikuwa tayari kumpa askari jezi, alikuwa tayari kuirusha dirishani, na aliomba radhi mara tatu. Lakini basi lilikuwa katika ua wa pembeni, hatua arobaini kutoka mlango wa pembeni wa ukumbi, na urefu wote wa ua huo ulikuwa na uzio wa vyuma ambao mashabiki walikuwa wameuegemea.

Corwin alimwuliza afisa kama angeweza kumsindikiza hatua hizo arobaini.

"Nina askari wanne, na wawili wanalinda basi," alisema Sotiropoulos. "Ukipanda gari, nakuhakikishia usalama. Ukienda kwa miguu, nitakuombea."

Nahodha Lefteris, aliyekuwa akikanda goti lake, alisema kwamba maombi ya polisi hayajawahi kufika mbali katika nchi hiyo. Akaja akakaa kando ya Corwin, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Sikiliza, kaka. Sitakudanganya. Wanaweza kukupiga. Yule Argyris akiwa na kumi anawazuia. Akiwa na mia tatu, hata yeye hajui. Lakini ukilala kwenye kiti cha gari lile, habari itafika kila mji kabla hujafika wewe. Mchezaji akikosa mtupo, anapata timu nyingine. Akikimbia, nani atampa mpira tena?"

Corwin alilijua jibu. Baada ya chuo hakuchaguliwa na timu yoyote ya kwao. Aliitwa Hungaria kwa majaribio ya wiki mbili, akabaki misimu miwili. Ikafuata Slovakia, kisha Romania, kisha Kupro, kisha Ugiriki. Kila mji ulimpa funguo za nyumba na kuzidai mwezi wa tano. Katika kila mji alijifunza kwanza kusema kulia, kushoto, nyuma yako; baadaye mkate, maziwa, asante. Kastrovrysi ulikuwa mji wa kwanza kumwachia funguo wakati wa kiangazi. Katika umri wake usingekuwapo mwingine. Na bado mwili wake wote ulikuwa umeelekea mlango wa stoo, kama mmea unavyoelekea mwanga. Mgeni ni kuku mweupe, na katika ua ule hapakuwa na mahali pa kuku mweupe kujificha.

Kocha Karamitros alisema kwamba hatamlaumu kwa lolote atakaloamua. Mwenyekiti alisema kwamba marehemu Mimis, Mungu amrehemu, asingependa damu imwagike kwa ajili ya kitambaa. Lefteris alisema kwamba Mimis asingependa kitambaa hicho kilale ng'ambo ya mto. Waliendelea kubishana hivyo juu ya matakwa ya marehemu kwa muda, na Corwin akatambua kwamba mtu mmoja tu chumbani hakuwa ameulizwa.

Alimgeukia Bi Fotini. Kwa Kigiriki chake cha kuungaunga, alimwuliza yeye anataka nini.

Bi Fotini hakuacha kukunja. "Mimi mambo ya timu siyajui," alisema. "Mume wangu alikuwa akija nyumbani mgongo unamwuma kwa ajili ya sakafu yenu, nami nikamkanda. Nimeshona majina kumi na mawili. Siku ya arobaini nitachemsha ngano ya kumkumbuka, nitaipeleka kanisani, na jezi zote nitaziweka hapo mbele, kisha mtarudishiwa mchezee. Nilitaka ziwe zote."

Corwin akasema kwamba Lamont yuko tayari kumpa askari.

"Askari hamjui Mimis." Ndipo akamtazama. "Unaogopa, mwanangu?"

"Sana, mama."

"Hata mimi naogopa. Wale wa nje nimewajua tangu wakiwa na kamasi, na leo siwatambui. Sikuambii uende. Umeniuliza ninachotaka, nimekujibu."

Nje ngoma ilikoma. Injini ya basi la wageni iliguruma, ikazimika, ikaguruma tena. Sotiropoulos aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa stoo. Mwenyekiti aliuchukua mkoba wa Corwin na kuutundika begani mwake mwenyewe, kama kwamba jambo limekwisha kuamuliwa.

Corwin alisimama. Alitamani mtu mmoja tu amkataze kwa nguvu, amwamuru, ili baadaye aweze kusema kwamba alizuiwa. Hakuna aliyemkataza. Wanaume wanne walikuwa wakimtazama, wakingoja, na macho ya Bi Fotini yalikuwa yamerudi kwenye nguo.

Aliuchukua mkoba wake begani kwa mwenyekiti na kuuweka sakafuni.

"Mwenyekiti, naomba dereva azime gari," alisema. "Sisafiri. Natoka kwa mlango wa pembeni, nakwenda kwenye basi, namwomba Lamont jezi, halafu nitapita nayo mlango wa mbele. Lefteris, usinifuate, tukiwa wawili wataona tumekuja kupigana. Bi Fotini, nikifika mlangoni nakuomba uwe hapo uipokee. Nisipofika, mwiteni daktari, lakini jezi mpeni Bi Fotini kwanza."