Picha Niliyomwambia Nice Aitoe

Mjukuu wangu Nice yuko darasa la tano. Mwalimu wao, Gervasi, aliwaazima simu kwa zamu tangu mwezi wa pili wapige picha nyumbani na shambani, waonyeshe nani anamla nani, kisha wazibandike ukutani na kuchora mishale.

Nice alizipanga kwanza mkekani kwetu. Mahindi. Panya. Paka wa jirani yetu Felisita, amekufa chini ya migomba. Na kopo langu la sumu ya panya.

"Panya kala sumu, paka kamla panya. Ndiyo mtandao wa chakula wenyewe, bibi."

"Hiyo ya kopo itoe," nikamwambia.

Paka yule alipokufa mwezi wa tatu, Felisita alitangaza kwamba Consolatha, mama wa Kirundi anayeuza pombe ya ndizi, anajaribia sumu kwa paka kabla ya kuwapa watu. Toka hapo pombe yake haipokelewi. Desturi yetu mwenye pombe huonja kwanza, kuonyesha haina sumu. Yeye anaonja, hata nusu kibuyu, na watu wanaondoka. Nami nilijua ni sumu yangu. Nilinyamaza miezi miwili, na Jumapili napokea komunyo.

Siku ya wazazi Nice alisimama mbele ya picha zake.

"Na huyu paka kafa kwa nini?" mwalimu akauliza.

Mtoto akanitazama. "Sijui, mwalimu."

"Basi mtandao wako umekatika hapo."

"Muulizeni Consolatha!" Felisita akapaza sauti, akimnyooshea kidole kwenye viti vya nyuma, watu wakacheka. Nice akaanza kulia.

Nikainuka. "Sumu ni yangu. Niliichanganya na mahindi nikawawekea panya. Picha ya kopo nilimwambia aitoe, mtoto hana kosa."

"Wewe!" Felisita akashika kiuno. "Na ulikuja kunipa pole ya paka!"

Kweli nilikwenda. Nilibeba na ndizi.

Consolatha alikuwa ameshasikia na kutoka. Nilimkuta uwanjani anamfunga mtoto mgongoni.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulijua lini, bibi?"

"Siku ile ile."

Akakaza kanga, taratibu. "Yule mkubwa wangu wanamwita mtoto wa mchawi. Hataki tena shule. Yuko nyumbani."

"Nitakuja nimwambie mwenyewe."

"Njoo," akasema. "Lakini njoo mchana, watu wakuone ukiingia."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshapanga kwenda jioni, giza likiingia.