Kitufe cha Kupandisha

Muuzaji anayejieleza kabla hajaulizwa, Casimir hakuwahi kumwamini. Na huyu Léonidas, mkimbizi wa Burundi aliyetoka kambi ya Lusenda na kinanda cha umeme mgongoni, kimefungwa kitenge kama mtoto, alianza kujieleza hata kabla hajaketi.

"Ilikuwa ya bar moja ya Uvira, Papa Casimir. Bar ilifunga. Iko muzima, ni mabuto ya kubonyeza tu kidogo njo inasumbua."

"Sijakuuliza," Casimir akamjibu.

Tuseme ukweli, alikihitaji kinanda hicho kuliko alivyokuwa tayari kuonyesha. Cha kwaya yao kiliibwa kanisani kabla ya Pasaka, mlango haukuvunjwa, na ufunguo ulikuwa kwake. Hakuna aliyemwita mwizi. Walimnyang'anya ufunguo kwa upole, wakamwombea kwa sauti kubwa, wakaanza kukumbatia mikoba yao alipopita. Akaapa kuleta kingine. Sasa fikiria aingie kanisani na kinanda cha wizi! Mji mzima wa Baraka ungepata ushahidi uliokuwa ukiutafuta.

Basi akakifungua kwenye meza yake ya ufundi pale sokoni, jicho moja kwenye kazi, jingine kwa Léonidas. Vitufe vya midundo, rumba na vingine, vilikuwa kama vipya. Kilichokufa kabisa kilikuwa kile cha kupandisha wimbo mzima kwenye sauti ya juu zaidi. Maandishi yake yamefutika, na ndani, lile doa jeusi la mpira linalopitisha umeme limelika likaisha.

Mtu wa bar hubonyeza midundo usiku kucha. Kitufe hiki humalizwa na watu wa aina moja tu: wapigaji wa kanisani, yeye akiwemo, waliojifunza kupiga kwa ngazi ya do peke yake. Akina mama wakilalamika kwamba wimbo uko chini, vidole havihami. Mkono wa kushoto unapanda, unabonyeza, na mambo yanaendelea kwa utukufu wa Bwana. Kinanda hiki hakijawahi kunusa pombe. Kilitoka kanisani, na huyu baba anadanganya.

Aling'oa mpira wa kitufe cha nyimbo za mfano zinazojipiga zenyewe, ambacho hakuna anayekigusa, akauhamishia pale. Kisha akamwita Pulchérie, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, ng'ambo ya njia. Safari hii alitaka shahidi.

Pulchérie akaja, akasimama mbali kidogo na Casimir, kama kawaida yake siku hizi.

"Mama présidente, huyu papa anasema hii kinanda ni ya bar. Mi naona ni ya kanisa. Kanisa gani, sijue. Papa, piga tuone."

Mwizi hajui kupiga alichoiba: ndivyo Casimir alivyojipangia, na aliingoja aibu ya mwenzake kwa hamu ambayo baadaye ilimchoma.

Léonidas alipangusa mikono kwenye suruali, akapiga wimbo wa sadaka. Kwa do, bila shaka. Ubeti wa pili, bila kutazama, mkono wa kushoto ukapanda, kidole kikakikuta kitufe kama ulimi unavyokuta pengo. Sauti ikapanda. Akageuza kichwa kulia, akangoja. Akapandisha tena, akangoja tena. Upande ule palikuwa na ukuta wa mabati tu.

"Unangoja nani?" Pulchérie akauliza.

"Basoprano, bamama ba sauti ya juu ba kwaya yetu ya kambi." Léonidas akaacha kupiga. "Balikuwa banaingia hapo. Bengine balirudi Burundi, bengine balipelekwa mbali na ndege. Renilde njo alibakia wa mwisho, naye ameenda. Baliniachia kinanda."

"Sasa bar ya nini?" Casimir akafoka.

"Mukimbizi akisema iko na kinanda ya kanisa, bantu banamuuliza aliiba wapi. Akisema ya bar, banacheka, bananunua. We ungeniamini?"

Léonidas akaanza kukifunga kinanda kwa kitenge.

"Siuzishe tena. Nilizani ilikufa. Sikujua buto inaweza kupona."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Casimir alikuwa amekichimba kwa bisibisi. Kitufe alichokitengeneza ili amnase mtu sasa kilikuwa kinaondoka na kinanda, pamoja na nafasi yake ya kulisafisha jina lake.

"Usiuze," akasema. "Kuja nayo kwetu Jumapili, upige weye. Bamama tuko nabo."

"Munaniita mwizi, kisha munaniita kwenu?"

"Mi pia balinifanya vile, na sikuiba. Kiti ya kupigia ni yangu. Nakuachia."

"Na we utafanya nini?"

"Nitaimba."

"Na sauti ile?" Pulchérie akaguna. Halafu akamtazama Casimir usoni, mara ya kwanza tangu Pasaka, akafungua fundo la kitenge chake.

"Huyu papa anatoka mbali, atafika mapema," akasema. "Lazima muntu amufungulie mulango."

Akaweka ule ufunguo wa kanisa mezani, karibu na bisibisi. Casimir aliuangalia tu. Ilibidi Léonidas amsukumie.