Madini ya Aina Tatu

Nundu aliingia maabara sikio likimvuja damu, jiwe kalikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma yake akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, waliyemwita Msumari, mdomo umevimba, meno ya mbele hayapo. Walichimba shimo moja, na walikuwa wamepigana njia nzima.

"Dada, tupimie," Nundu alimwambia mpimaji wa mawe. "Huyu asiliguse."

"Nimelifukua mimi!" Msumari akafoka.

"Mafahali wawili zizi hili haliwatoshi. Kaeni," mpimaji aliwaambia.

Mpimaji alilipasua jiwe kwa nyundo, akaliinua dirishani. Ndani kulikuwa na weupe, weusi, na vichembe vya njano vilivyometameta.

"Jiwe zima hili ni mwamba," alisema, kwa sauti aliyozoea kufundishia. "Mwamba ni mchanganyiko. Ila ndani yake kuna madini ya aina tatu..."

Hakumaliza. Kwa wachimbaji wale, madini ni utajiri, basi. Msumari alinyakua nyundo mezani, akampiga shemeji yake ubavuni. Mbavu zikalia kama kuni kavu. Nundu alianguka na rafu nzima ya mawe, akamvuta mwenzake mguu, akamkalia kifuani. Mpimaji alimshika Nundu shati, akatupwa ukutani. Nundu akaokota nusu ya lile jiwe, akaishusha usoni mwa Msumari. Akaishusha tena.

"Si mali!" mpimaji alipiga kelele. "Hata chumvi ni madini! Huo weupe umejaa mtoni, weusi ni ulanga, magamba tu yanayong'aa, na njano ni chuma kilichochanganyika na salfa! Si dhahabu!"

Mkono wa Nundu ulikwama hewani.

"Umesema madini."

"Nimesema. Hukuningoja."

Mpimaji alichukua kigae, akasugua juu yake kipande chenye unjano. Kikaacha mstari mweusi. "Dhahabu ingeacha wa njano," alisema, kisha akapiga magoti kumgeuza Msumari ubavu, asisongwe na damu yake mwenyewe.

Msumari alipona, ila jicho la kushoto halikuokoka. Nundu alichukuliwa na polisi kifua kimefungwa bandeji. Mkewe alishinda hospitali akimnywesha mdogo wake maziwa kwa mrija. Askari alipomuuliza kama atakwenda kumwona mumewe, hakugeuka.

"Nishikie hiki kikombe," alisema, akainama kumpangusa ndugu yake kidevu.