Kufuli Langu Kwenye Swichi Kuu

Kule Nebraska mimi ni fundi umeme. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikafunga nyaya za shule, za mabanda ya ng'ombe na za kanisa moja la Kilutheri. Kisha mama yangu akavunjika nyonga huku Wyoming. Nikahamia kwake, na nilipovuka mpaka wa jimbo nikawa si kitu.

Si kwamba waliikataa leseni yangu. Majimbo haya mawili hupokeana mafundi, mradi Nebraska ithibitishe kwamba nilifaulu. Tatizo lilikuwa jina. Mtihani niliufanya nikiwa Marlys Pohlman, mke wa mtu. Leseni inasema Marlys Kubicek, kwa sababu mtu huyo nilimwacha. Bodi ya Wyoming ikataka uthibitisho kwamba hao wawili ni mmoja. Nikatuma hati ya talaka, nikakaa kungoja. Wakati wa kungoja niliruhusiwa kazi za mwanagenzi tu, kuvuta nyaya na kutoboa kuta, tena fundi mwenye leseni ya huku akiwa palepale. Akiondoka, naweka koleo chini. Mkaguzi wa umeme akinikamata nafanya kazi peke yangu, ombi langu linatupwa.

Duane Ostrander, bosi wangu, alijua yote hayo. Yeye mwenyewe si fundi; ni mfanyabiashara anayeajiri mafundi.

Siku hiyo mimi na Travis tulikuwa kwenye mkahawa wa Bernadine Schaeffer, tukimfungia oveni mbili mpya. Travis ndiye aliyekuwa na leseni. Tulizima swichi kuu, kila mmoja akatundika kufuli lake lenye jina lake. Ndivyo kazi yetu inavyotaka: kufuli langu likiwapo, umeme hauwashwi, na hakuna mkono mwingine unaoligusa. Mchana simu ya Travis ikalia. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Akatoa kufuli lake.

"Marlys, nyaya za oveni bado ziko wazi."

"Naziona. Nenda wewe, mtoto atakutangulia!"

Akaenda. Nikageuza ndoo, nikakaa.

Bernadine akatokea, unga mpaka viwikoni. Maonyesho ya mifugo ya kaunti yalikuwa yanafunguliwa kesho yake asubuhi, na wafugaji wote hupitia kwake kwanza kula mikate ya mdalasini.

"Mbona umekaa kama mgeni wa harusi?"

"Nangoja fundi, mama."

"Kwani wewe nani? Mpishi?"

Hilo liliniingia. Kazi iliyobaki ningeimaliza kabla unga wake haujaumuka. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Nikaikalia.

Duane akaja na pikapu lake, akaingia bila kufunga mlango.

"Funga hizo nyaya, uwashe."

"Leseni haijafika, Duane."

"Umeme ni uleule, binti. Nebraska, Wyoming, umeme haujui mpaka."

"Haujui. Mkaguzi anaujua."

"Mkaguzi yuko uwanja wa maonyesho anamsugua shampuu ndama wa bintiye."

"Akimaliza kusugua atapita hapa kutafuta mkate. Ataniomba kadi ya leseni. Nimwonyeshe nini, meno?"

Watu walikuwa wameanza kusimama dirishani. Duane akatoka, akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, akaubana kwenye kufuli langu. Hata Bernadine akaacha kupangusa mikono. Katika kazi yetu hakuna tusi linalozidi hilo. Kuna watu wamekufa wakiwa wameshika waya, kwa sababu mtu mwenye haraka alikata kufuli.

Nikasimama.

"Kata. Kata, uwashe na nyaya ziko wazi, mbele ya hawa wote. Mimi nipo hapa nakuangalia."

Akanitazama. Akalitazama kufuli, akasoma jina langu kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Kisha akautupa mkasi sakafuni na kutoka.

Travis alirudi kesho yake adhuhuri, macho mekundu, baba wa msichana. Alifunga zile nyaya, nikatoa kufuli langu, oveni zikawaka. Lakini wafugaji walikuwa wameshapita, wakanywa kahawa kwingine.

Wiki iliyofuata bodi ikajibu: Pohlman na Kubicek ni mtu mmoja, leseni imekubaliwa. Nikaipeleka kadi ofisini kwa Duane. Nikamkuta Bernadine amekaa, amekuja kulalamika.

Duane akaigeuza kadi mara mbili. "Vizuri. Nina shule nzima ya kufunga nyaya, na nakuhitaji. Mwombe mama huyu radhi, uniombe na mimi, halafu Jumatatu unaanza kama fundi kamili."

"Unga wangu ulichacha wote," Bernadine akasema. "Neno moja tu, mwanangu. Halitakung'oa jino."

Mji wetu hauna kampuni nyingine ya umeme. Mama yangu alikuwa nyumbani, anajifunza kutembea upya. Nililijua hilo vizuri nilipoichukua kadi yangu kutoka mkononi mwa Duane.

"Ningezifunga zile nyaya, kadi hii isingefika," nikasema. "Siombi radhi. Kwako siombi, mama. Na kwako, Duane, ndiyo siombi kabisa."