Vipimio Viwili Vilivyokubaliana

Siku Profesa Kinyozi alipoletwa kitengo cha mionzi kwenye kiti cha magurudumu, mpimaji wa mashine alimtambua kwa mikono kabla hajamtambua kwa uso. Uso ulikuwa umeliwa na maradhi, mashavu yamebonyea kama sufuria kuukuu. Mikono ilikuwa ile ile, mikubwa, na vidole visivyojua kutulia, vilivyozoea chaki hata pasipokuwa na ubao.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee alimkazia macho. Sauti ilitoka kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua. "Marahaba. Kumbe huku ndiko ulikokimbilia."

Mkewe, mama mfupi aliyekuwa akisukuma kile kiti, akauliza kama wanafahamiana. "Huyu binti alikuwa mwanafunzi wangu," alisema mzee. "Mzuri kuliko wote. Halafu akaenda kuwa fundi."

Jina la Kinyozi alipewa na wanafunzi. Kila mwaka alifungua somo la mantiki kwa methali moja, kinyozi hajinyoi, kisha angelichachafya darasa zima: basi nani anamnyoa? Wakishachoka kubishana, angegeukia ubao na kuandika maneno mawili. La kwanza, kutojipinga: maneno yako yasigombane yenyewe kwa yenyewe. La pili, ukamilifu: kila swali linaloulizika kwa lugha yako lipate jibu kwa lugha hiyo hiyo. Hesabu, aliwaambia, haiwezi kukupa yote mawili. Ukiisha kuwa na mfumo wenye nguvu za kutosha kuhesabu, na usiojipinga, kutakuwa na ukweli ambao mfumo huo hautaufikia kamwe, na hauwezi hata kujithibitishia kwamba wenyewe ni mzima.

"Lakini dunia," angesema, na hapo sauti ilibadilika, "dunia si hesabu tupu. Dunia haina swali isilolijibu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake, na wenzake walimcheka kwayo. Alitumia ujana na uzee kutafuta sentensi chache za msingi ambazo kila kinachotokea duniani kingefuata kutoka kwazo, pasibaki nafasi hata ya kupitisha uzi. Mpimaji alikuwa msaidizi wake katika kazi hiyo, tena kwa miaka. Mwishowe akaona kwamba kila walipoigusa fizikia kwenye vitu vidogo kabisa, iliwajibu kwa mafungu. Ilisema nusu ya atomu hizi zitavunjika, haikusema zipi. Profesa alishikilia kuwa nadharia haijamalizika. Yeye alianza kuona kuwa huenda hakuna cha kumalizia. Alipoaga kwenda hospitali, ambako angalau kulikuwa na mtu wa kumfaa, mzee hakusimama. "Nenda kabonyeze vitufe vya mashine," alimwambia, na hawakusemeshana tena hadi siku ile ya kiti cha magurudumu.

Saratani ilikuwa kooni. Haikuwa imesambaa. Mkuu wa idara, daktari bingwa aliyekuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alimwambia mama kwamba wengi wa namna hii hupona. Mama akaomba arudie, naye akarudia.

Wakamtengenezea mzee kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofuata umbo la uso wake, cha kumshikilia kichwa kisitikisike. Kila siku alilazwa chini ya mashine katika chumba chenye kuta nene, wote wakatoka, mlango mzito ukafungwa, naye akabaki peke yake na mvumo wa mashine. Mpimaji alimtazama kwenye kioo cha kamera kilichokuwa nje. Vidole vya mzee vilikuwa vikiandika juu ya paja.

Taratibu barafu kati yao ikaanza kuyeyuka. Akisubiri zamu yake, mzee alimwita na kumhoji kama yuko kwenye mtihani wa mdomo.

"Unajuaje kwamba hii mashine inatoa unachosema inatoa?"

"Kila asubuhi naweka kipimio kwenye tangi la maji chini yake, nasoma. Ikizidi naipunguza, ikipungua naiongeza."

"Kipimio kimoja tu?"

"Viwili, mwalimu. Na vinakubaliana hadi tarakimu ya mwisho."

"Basi," alisema mzee, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya zamani, uthibitisho ukiisha kukaa sawa. Mpimaji alirudi kazini amejaa furaha ya kitoto. Alikuwa mtu mzima, na watoto wake wanasoma sekondari, lakini sifa ya mwalimu haizeeki.

Koo likaanza kuungua. Hilo walilitegemea, mionzi haiendi kooni ikaacha nyama ilivyoikuta. Uji ukawa haupiti, maji yakapita kwa machozi. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, halafu ikachubuka. Muuguzi alimpaka dawa na kumfariji mama kwamba makoo yote yako hivyo. Ila mpimaji alipopita kwenye benchi la wagonjwa, aliona shingo nyingine, na kifua cha mwanamke mmoja kijana, na vyote vilikuwa vimechubuka kupita alivyozoea kuona. Akajiambia ni joto la msimu. Siku iliyofuata akajiambia wagonjwa wa siku hizi wanachelewa kuja. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Kilichomkosesha raha kilikuwa jambo moja analolijua. Kipimio kikuu kilipaswa kupelekwa mara kwa mara kwenye maabara ya nje, kulinganishwa na kilicho sahihi kuliko chenyewe. Zamu iliyopita hakikupelekwa. Kukipeleka kungesimamisha mashine kwa wiki kadhaa, na foleni ilikuwa inafika getini. Mkuu wa idara alimuuliza, "Namba zako zinasemaje?" Naye akajibu kwamba zinakubaliana. Wakaahirisha wote wawili, kwa moyo mweupe kabisa.

Na zilikubaliana kwa nini? Alikaa kitandani mwa wagonjwa, chumba kikiwa kitupu, akajilazimisha kulijibu. Kipimio cha pili alikuwa amekirekebisha yeye mwenyewe kwa kukifuatisha cha kwanza. Mashine aliirekebisha kwa kukifuatisha hicho hicho. Vitu vitatu vilikuwa vikitoleana ushahidi, na cha kwanza ndicho kilichowafundisha wenzake la kusema. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Jumapili alichukua gari akaenda hospitali ya mji wa jirani, akaazima kipimio chao, ambacho kilikuwa kimerudi kutoka maabara juzijuzi tu. Mchana ule kitengo kilikuwa kimya, mfagiaji peke yake akipiga deki ukumbini. Akajaza tangi, akakizamisha, akafunga mlango, akawasha. Alipoisoma namba alidhani amekosea kukiunganisha. Akarudia. Akamwaga maji, akajaza mengine, akarudia tena. Mashine ilikuwa ikitoa sehemu moja ya nane zaidi ya alichokuwa akiandika kila siku. Mahali fulani ndani ya kipimio kikuu cha kitengo chake unyevu ulikuwa umepenya, kikawa kinasoma chini ya ukweli kidogo kidogo. Na yeye, kila kilipoonyesha pungufu, aliiongeza mashine.

Mfagiaji alimkuta ameketi sakafuni, sketi imelowa. "Umeteleza, mama?"

"Ndiyo," alisema.

Mkuu wa idara alipigiwa simu, akaja bado amevaa nguo za nyumbani. Alizitazama namba, akavua miwani, akaivaa tena.

"Irekebishe leo hii," alisema. "Kesho tuanze upya, sawasawa."

"Na waliokwisha kupata?"

"Waliokwisha kupata tutawatibu madhara, kama tunavyowatibu siku zote."

"Lazima waambiwe, daktari."

"Sikiliza." Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumsikiliza. "Ukisema, watatufungia kitengo. Wakikifunga, kuna watu kwenye foleni ambao uvimbe wao hausubiri uchunguzi. Utawapeleka wapi? Mgongoni mwako?"

"Kipimio kilichotudanganya tulikichagua sisi. Tukinyamaza, tutakuwa tunajipima wenyewe tena."

"Nipe wiki."

Hakumpa. Jumatatu asubuhi aliizima mashine, akafunga chumba, akapiga simu wizarani kwa sauti iliyomshangaza kwa utulivu wake. Kabla watu wa wizara hawajafika, alikwenda nyumbani kwa Profesa Kinyozi.

Mzee alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha. Sasa alilishwa kwa mrija uliopitishwa tumboni. Mama alikuwa akimmiminia maziwa kwa kikombe, pole pole, mkono wake mwingine umemshika bega. Mpimaji alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba, kuanzia kipimio kilichopenywa na unyevu hadi simu ya asubuhi ile. Alipomaliza, kikombe cha mama kilikuwa kimesimama hewani.

Mzee alinong'ona. Ilibidi mpimaji apige magoti kumsikia.

"Kukubaliana si ukweli," alisema. "Nilikufundisha hilo mwaka wa pili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulilijibu kwenye mtihani. Vizuri sana."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuuliza kama ni kimoja au viwili." Akahema. "Swali la kijinga. Hata ungekuwa navyo elfu." Vidole vikasogea juu ya shuka. "Hicho ulichoazima. Nani amekipima?"

"Maabara ya nje."

"Na hao?"

"Hulinganisha na maabara za nchi nyingine, mwalimu. Kule juu kabisa kuna chache zinazolinganishana zenyewe."

Macho ya mzee yakawaka kidogo, mara ya mwisho mpimaji kuyaona hivyo. "Kwa hiyo mnyororo wa vipimo hauna ukuta wa kufungiwa..."

"Nyamazeni!" Mama aliweka kikombe mezani, maziwa yakaruka. "Mtu hawezi kumeza mate yake, nyie mnajadili minyororo! Wewe, mwanangu, nakuuliza mimi, siyo huyu. Mngempa kiasi chake, angepona?"

Mpimaji alifungua kinywa. Alijua jibu la fizikia yake yote, nalo halikuwa na manufaa. Wagonjwa mia kama huyu, kwa kipimo sahihi, wengi wao wangepona na wachache wangekufa. Na hata kwa kipimo sahihi, makoo machache yangeoza vile vile. Huyu alikuwa mmoja. Swali lilikuwa safi, halina utata, mtoto angelielewa, na hapakuwa na mahali popote, katika mashine wala vitabuni, ambapo jibu lake lilikuwa limehifadhiwa.

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye mpimaji, na hujui?"

"Hakuna anayeweza kujua."

Mama alimgeukia mumewe, kana kwamba yeye angemkosoa mwanafunzi wake. Maisha yake yote mzee alikuwa amesema kwamba dunia haina swali isilolijibu. Sasa alimkwepa macho. Alikuwa akitazama dari, na machozi yalimtelemka kuelekea masikioni, naye hakuinua mkono kuyafuta.

"Nenda," alisema mama. Hakupaza sauti.

Profesa Kinyozi alikufa kabla uchunguzi haujamalizika. Mshipa wa shingo ulipasuka pale nyama ilipokuwa imeoza. Mama alikuwa peke yake naye, na taulo zote za nyumba hazikutosha. Mazishini mpimaji alisimama nyuma kabisa. Wenzake wa chuo walizungumza kwa heshima juu ya mawazo waliyoyacheka akiwa hai. Mmoja alisema marehemu ameacha kazi kubwa ambayo haijakamilika, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni kana kwamba hilo lilikuwa bahati mbaya tu. Mama alipita karibu yake akiwa ameshikwa mikono na ndugu wawili. Alimwona. Hakumsalimu wala hakumtukana.

Kitengo kilifungwa, kama mkuu wa idara alivyotabiri. Yeye alihamishwa, mpimaji alisimamishwa kazi hadi uamuzi utakapotoka. Wizara iliahidi kwamba wagonjwa wote wataarifiwa, lakini majuma yakapita na hakuna aliyearifiwa. Kwa hiyo akaanza kuwaendea mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mumewe alimwambia anajipalia makaa. Alijibu kwamba anajua, akavaa viatu.

Wengine walimfukuza. Mwanamume mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamletea maji ya kunywa, halafu akamwomba asirudi. Yule mwanamke kijana mwenye kidonda cha kifua alimpokea mlangoni na beseni la nguo kiunoni. Kidonda kilikuwa kinafunga. Alisikiliza huku akianika, nguo moja moja, akizikung'uta kwa nguvu.

"Kwa hiyo mlinizidishia," alisema.

"Ndiyo. Samahani. Lazima uchunguzwe mapafu, na uwe unachunguzwa kila mara."

"Haya. Mapafu nitachunguzwa." Akabana kibanio. "Ila mimi sikumaliza zile siku zangu za mionzi. Zilibaki. Mkafunga." Akamgeukia, akakinga jua kwa kiganja. "Nimewapigia simu mpaka nimechoka. Wengine wameniambia niende mji wa jirani, mji wa jirani wanasema foleni imejaa mpaka mwakani. Mashine mnafungua lini?"

Mpimaji alimwambia kwamba hajui, na kwamba ataenda mwenyewe mji wa jirani kuwaomba. Mwanamke alimtazama kidogo, kisha akainama kwenye beseni, akatoa shuka iliyojaa maji.

"Shika upande huo," alisema, "tuikamue."

Wakaikamua, mmoja akizungusha huku na mwingine kule, mpaka maji yakakoma kudondoka.