Karatasi ya Jumatano

Paskalia alipaka rangi ukingo wa paa la nyumba iliyochapwa kwenye karatasi, mstari mwembamba kama uzi, kisha akaiweka penseli ya rangi chini. Dawa walizompa katika wodi hii ya wagonjwa wa akili zilimtia usingizi. Kushoto kwake bibi mmoja Mswidi, Gunvor, alikuwa akipaka nyumba ileile. Nyuma yao muuguzi aliandika kitu.

Ilikuwa Jumatano ya tatu, na kila muuguzi alipoandika, Paskalia aliinamia karatasi yake zaidi. Karatasi hizi zilikwenda kwa daktari, na daktari ndiye angesema kama atarudishiwa mwanawe. Damian alikuwa na miezi minne watu wa ustawi wa jamii walipomchukua na kumpeleka kwa familia moja ya Kiswidi mtaa wa Bredäng, kwa kuwa mama yake alilia majuma mawili na hakujua kuwaeleza kwa lugha yao kinachomliza.

Siku hiyo daktari alimwita Getrude, Mtanzania mwenzake aliyefagia wodi, aje kutafsiri. Getrude akaegemeza ufagio mlangoni.

"Anauliza kwa nini unaacha katikati peupe. Wameandika kwamba ndani yako hamna kitu."

Paskalia akashangaa. Shuleni kwao penseli moja ya rangi ilikatwa vipande, wakagawana watoto wanne. Aliyejaza picha nzima alichapwa.

"Nilikuwa nawatunzia rangi zao, dada. Zisiishe."

Getrude akatafsiri. Daktari akatabasamu kwa upole, asiandike neno.

Walipobaki wawili, Getrude alijifanya anapangusa meza. "Mdogo wangu, wajazie. Picha wanazozipenda wanazibandika korido, nazipangusa vumbi kila siku. Zote zina jua."

Jumatano iliyofuata Paskalia alijaza, akitupa macho mlangoni kama anaiba. Paa, nyasi, dirisha. Akachora jua mpaka penseli ya njano ikabaki kipande.

Daktari alifurahi mno. Alisema maneno mengi. Getrude aliinama kuchukua ufagio wake.

"Niambie, dada."

"Anasema dawa zimeanza kufanya kazi. Kwa hiyo wanaziongeza. Utakaa mpaka theluji iyeyuke."

"Na Damian?"

"Ametulia kule, anasema. Asisumbuliwe."

Muuguzi akaibandika karatasi korido, akaandika chini: Paskalia, 1974. Paskalia alisimama mbele ya picha hiyo. Kweli, yalikuwa majua matupu ukuta mzima. Akasoma polepole, herufi kwa herufi, jina lililokuwa chini ya jua la picha ya pembeni, ambalo rangi yake ilikwisha kufifia.

Gunvor, 1966.