Kifungo cha Suti na Sahani ya Shangazi

Usiku wa jana niliota kifungo cha koti langu la suti kimejifunza kuongea, na neno lake la kwanza likawa kwamba hakitavumilia sahani ya pili.

Sikushangaa. Suti hiyo niliishonesha kwa ajili ya sherehe ya kumuaga mdogo wangu Haika anayeolewa, inayofanyika leo hapa Moshi, na tangu fundi anipime mimi nimeongezeka, suti haikuongezeka. Kifungo kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Juu ya hapo nina sukari. Nesi Veridiana wa kliniki alinipa masharti ya kula kwenye sherehe: nile kitu nyumbani kabla ya kutoka, maji yatangulie, nusu ya sahani iwe mboga, nikae mbali na meza ya chakula, nile polepole. Yote nayaweza. Nisiyemuweza ni Shangazi Ndekusara.

Shangazi ndiye aliyenilea. Kwake sahani tupu maana yake hujashiba, kwa hiyo anajaza. Ukimaliza, anajaza tena. Ukikataa hagombi. Anatazama chini na kuanza kukunjakunja pindo la kitenge chake, na hapo unaona heri sukari ikuue kuliko kuendelea kukitazama kile kitenge. Nilipitiwa na usingizi nikiwaza namna ya kumkatalia bila kumuumiza.

Basi nipo mlangoni mwa ukumbi. Mlango unalindwa na sufuria kubwa la pilau lililovaa tai.

"Umekula nini nyumbani?" linaniuliza.

"Yai la kuchemsha."

"Shahidi wako nani?"

Yai linatoka mfukoni mwa koti, limemenywa, safi kabisa. "Mimi hapa," linasema. "Amenila asubuhi."

"Mbona uko mzima?"

"Na mimi nimealikwa."

Sufuria linainua kifuniko chake na kutupisha.

Ndani, wakati wa chakula umefika. Mnaujua wakati huo. Watu waliokuwa wanarusha mabega wamekuwa wapole ghafla, kila mmoja anasubiri meza yake iitwe. MC ni kipaza sauti chenyewe, hakijashikwa na mtu. Kinaita meza yetu. Ninanyanyuka kwenda kwenye foleni, na glasi ya maji inanipita na kusimama mbele yangu.

"Samahani, kaka," inasema. "Nesi amesema nitangulie."

Ninaiheshimu. Kumbe ni glasi yenye ndugu wengi. Kila hatua inasimama. Shikamoo mama mkubwa, shikamoo babu, za siku nyingi, watoto hawajambo. Wali unaanza kupoa, na nyuma yangu mzee mmoja anauliza kwa sauti kama haya maji yanagombea udiwani.

Nikifika mezani nakuta sahani yangu imejengwa ukuta katikati. Upande mmoja mnafu, ile mboga ya majani machungu, umeshajikatia kiwanja. Ninapakua kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage ambazo kwa Shangazi ndicho chakula chenyewe, na kijiko kimoja kinajaribu kuruka ukuta.

"Huku siyo kwenu," unasema mnafu.

"Mimi ni ndizi," kiburu kinajitetea. "Tumetoka shamba moja."

"Ulikuwa ndizi. Umekaa na maharage mpaka tabia imebadilika. Rudi."

Kinarudi, kinanung'unika.

Nimekaa sasa, na kiti kinaniuliza meza ya chakula iko wapi. Ninakionesha. Kinaanza kutembea kinyumenyume, mimi juu yake, sahani mkononi. Tunatoka ukumbini. Tunapita stendi, makonda wananiuliza kama naenda Arusha. Tunaingia mashamba ya miwa.

"Imetosha," nakiambia.

"Harufu bado inafika," kinajibu, na mwendo ni uleule.

Mara namwona ndafu anakuja mbio barabarani. Ndafu ni yule mbuzi mzima wa kuchoma, mwenye majani mdomoni, anayeingizwa ukumbini kwa shangwe na kukatwa mbele ya watu, kila ndugu apewe kipande chake. Huyu amekauka vizuri, ana rangi ya kahawia, na jasho linamtoka, au pengine ni mafuta.

"Rudi," ananiambia akihema. "Wewe ni kaka wa bibi harusi. Bila wewe hawanikati."

"Nimekatazwa kukaa karibu na chakula."

"Nani kakwambia ujirundikie sahani? Kipande kimoja, cha paja, ule, uwashukuru. Mimi mambo ya sherehe nayajua. Nimeingia nyingi."

"Ukatoka?"

Anatafuna majani yake kwa muda. "Kutoka sijawahi," anasema.

Nilimwambia ukweli, kwamba tatizo siyo yeye, tatizo ni Shangazi na sahani ya pili. Ndafu akaacha kutafuna. Akasema huyo hata yeye anamwogopa. Akasema lakini kumkimbia shangazi mpaka kwenye miwa ni aibu, tena kwa mwanamume mwenye suti. Kiti kikasikia hayo, kikageuka.

Hatukurudi ukumbini. Tuko Kibosho, jikoni kwa Shangazi, moshi unanichoma macho, mtori wa ndizi na nyama unachemka. Shangazi amesimama na upawa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, Kunda baba. Sahani iko tupu."

Naitazama. Ni tupu kweli. Nimeimaliza njiani kwa wasiwasi, hata ladha siikumbuki.

"Nimeshiba, Shangazi."

"Aliyeshiba huwa anabakiza." Anateka upawa wa kwanza. Anateka wa pili. Ukuta wa sahani unabomoka, mnafu unashuka chini na kuondoka na watoto wake. Anateka tena. Kiburu kimefika kidevuni kwangu na bado kinapanda, na kila nikila kidogo kupata nafasi ya kupumua, yeye anaona pengo na kuliziba.

"Kunda," kifungo kinaniita kutoka tumboni. "Nimejitahidi. Wasalimie nyumbani."

Kikaruka. Kikapita juu ya meko na kutumbukia kwenye mtori.

Ndipo nikaogopa kwelikweli. Siyo kwa ajili ya koti. Niliona nitakufa mikononi mwa mtu anayenipenda, tena nikimwambia asante.

"Shangazi," nikasema, "nina sukari. Sahani ya pili siiwezi. Tafadhali usikunje kitenge."

Mikono yake ilikuwa imeshashika pindo. Akaliachia.

"Sukari tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa ungeumia."

Akaketi kwenye kigoda, upawa mapajani. "Unadhani mimi nafurahi kukuona unavimba? Kunda, wewe ukija hapa unakula kama umeacha gari linawaka. Sahani ikiisha, unasema Shangazi, ngoja nikimbie. Basi nikajifunza. Nikijaza, unakaa. Nisipojaza, unaondoka. Ningefanyaje?"

Mlangoni, ndafu alijifanya anaangalia migomba.

Shangazi akainuka, akaleta kisosi cha chai. Akaweka kijiko kimoja cha kiburu katikati na mnafu pembeni. Mnafu ulikuwa umeshasikia habari na kurudi.

"Hiki utakila mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka uniambie nenda."

Nikaweka harage moja mdomoni, nikalitafuna polepole kama nilivyoelekezwa kliniki. Nje, mkungu wa ndizi ulichipuka, ukakomaa, ukakatwa, ukapelekwa sokoni. Nikameza. Shangazi alikuwa ananihadithia jinsi Haika alivyokuwa mdogo, alivyokataa kunyolewa, na nilicheka mpaka yai likatoka mfukoni kuuliza kuna nini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa jikoni kwake muda wote ule. Nililiona hilo, nikaona na haya.

Huku akizungumza, akakiopoa kifungo kwa upawa na kukifuta kwa kitenge.

"Mtori umekolea," kifungo kikasema.

"Asante, baba," Shangazi akakijibu, akatunga sindano. "Uzi mweusi umeniishia. Nitatumia huu mwekundu."

Akainama karibu na tumbo langu, akashona taratibu, hakuna aliyekuwa na haraka, hata ndafu alikuwa amekaa chini na kukunja miguu.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka na mdomo ulikuwa mkavu. Koti lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba changu hapa mjini, pale nilipolitundika. Nikaenda kukitazama kifungo. Kilikuwa kimeshonwa barabara, hata ukikivuta hakiyumbi, kwa uzi mwekundu. Nilikiita mara mbili. Hakikujibu.

Nikachukua simu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Umeamka?"

"Nimeamka. Shangazi, leo ukumbini niwekee kiti karibu na chako. Nitakaa na wewe mpaka watu waondoke. Ila nina sukari, sikuwahi kukuambia. Nitakula kidogo tu."

Nilisikia kuni zinalia kwenye meko yake, huko juu Kibosho.

"Kisosi nimeshakiosha," akasema. "Huo uzi mwekundu hauonekani sana?"

Nilivaa koti, nikalifunga, nikajitazama kwenye kioo.

"Hauonekani, Shangazi."